Hatia, Adhabu na Haki: Manusura Mbele ya Mahakama katika Tawasifu Know My Name

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, maudhui ya haki hayakosi kujitokeza katika Karatasi ya Tatu. Leo utaulizwa jinsi wanyonge wanavyodhulumiwa, kesho utaulizwa jinsi mwandishi anavyotetea haki za mwanamke. Watahiniwa wengi husimulia matukio mengi, kisha wakahitimisha kwa sentensi moja: "Hatimaye haki ilitendeka." Wengine husema: "Haki haikutendeka." Sentensi kama hizo hazikupi alama, kwa kuwa hujamwonyesha mtahini ni haki ipi, iliyotendewa nani, na kwa ushahidi upi.

Ukisoma riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, unakutana na Lime na Mwanaheri, wasichana waliobakwa katika vurugu za baada ya uchaguzi. Riwaya inakuonyesha maumivu yao na ya familia yao. Katika somo hili tunapiga hatua moja mbele na kuuliza: mwathiriwa akienda mahakamani, hukutana na nini? Tutalijibu swali hilo kwa kusoma kisa cha kweli, yaani tawasifu ya Chanel Miller iitwayo Know My Name, iliyochapishwa Marekani mwaka wa 2019 kwa Kiingereza. Si kitabu cha kutahiniwa, lakini kitakufundisha kutenganisha maneno matatu ambayo watahiniwa huyachanganya kila mwaka: hatia, adhabu na haki.

Malengo ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
1. Kueleza mtiririko wa kesi iliyo kiini cha tawasifu hii.
2. Kutofautisha kupatikana na hatia, kupewa adhabu na kupata haki.
3. Kufafanua maana ya ridhaa katika sheria ya Kenya.
4. Kujibu swali la insha kuhusu maudhui ya haki kwa hoja zilizothibitishwa.

Usuli

Chanel Miller alizaliwa na kulelewa California. Mama yake ni mwandishi aliyehamia Marekani kutoka Uchina, na baba yake ni Mmarekani. Alisomea fasihi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, akahitimu mwaka wa 2014. Wakati wa tukio alikuwa na umri wa miaka 22, akiishi na kufanya kazi karibu na nyumbani kwao. Hakuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alikwenda huko usiku mmoja tu, kuhudhuria sherehe pamoja na dada yake mdogo.

Muhtasari

Usiku wa tarehe 17 Januari 2015, Miller alihudhuria sherehe katika nyumba ya chama cha wanafunzi wa kiume pale Stanford. Alikunywa pombe hadi akapoteza fahamu. Yapata saa saba usiku, wanafunzi wawili wa shahada za juu, wenyeji wa Uswidi, walikuwa wakipita kwa baiskeli. Nyuma ya pipa kubwa la taka walimwona kijana akiwa juu ya msichana asiyejitikisa. Walipomuuliza anafanya nini, alitoka mbio. Wakamfukuza, wakamkamata na kumshikilia hadi polisi walipofika. Kijana huyo alikuwa Brock Turner, mwenye umri wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mwogeleaji wa timu ya chuo.

Miller alizinduka akiwa hospitalini, asijue lililompata. Alipimwa, akapigwa picha, nguo zake zikachukuliwa kuwa ushahidi. Maelezo kamili ya alivyokutwa hakuambiwa na polisi wala daktari. Aliyasoma katika habari za mtandaoni, akiwa ameketi kazini, kama msomaji mwingine yeyote. Mbele ya sheria alipewa jina la kumficha, Emily Doe.

Kesi ilisikilizwa mwezi Machi 2016, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tukio. Huko Marekani kesi kubwa za jinai husikilizwa na jopo la raia 12, ambao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia au la. Jaji huongoza kesi na kutoa adhabu. Mshtakiwa alidai kwamba Miller aliridhia. Mnamo tarehe 30 Machi 2016, jopo lilimpata na hatia katika mashtaka yote matatu yaliyokuwa yamesalia.

Sheria ilimruhusu jaji kutoa kifungo cha hadi miaka 14. Kiongozi wa mashtaka aliomba miaka 6. Tarehe 2 Juni 2016, Jaji Aaron Persky alitoa kifungo cha miezi 6 katika jela ya kaunti na miaka 3 ya uangalizi, na mshtakiwa akatakiwa kusajiliwa maishani katika daftari la wakosaji wa kijinsia. Aliachiliwa tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, baada ya miezi 3.

Siku ya adhabu, Miller alisimama mahakamani na kusoma maelezo marefu akimwelekea mshtakiwa moja kwa moja. Siku iliyofuata maelezo hayo yalichapishwa mtandaoni bila jina lake, na mamilioni ya watu wakayasoma katika muda wa siku chache. Mwaka wa 2019 alijitokeza na kutaja jina lake halisi. Ndiyo maana kitabu chake kina anwani hiyo: anamtaka msomaji alijue jina lake.

Maudhui

a) Hatia

Kupatikana na hatia ni uamuzi kwamba mshtakiwa alitenda kosa analodaiwa kutenda. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, na lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana. Katika kesi hii uthibitisho ulikuwepo: mashahidi wawili wasiomjua yeyote kati ya wahusika, taarifa za hospitali, na mshtakiwa aliyekamatwa akikimbia.

Zingatia jambo moja linaloonyesha umuhimu wa kutumia maneno kwa usahihi. Mashtaka mawili ya ubakaji yaliondolewa kabla ya kesi kusikilizwa, kwa sababu sheria ya California wakati huo iliuita ubakaji tendo la ngono kamili tu. Makosa matatu aliyopatikana nayo yalikuwa ya shambulio la kingono dhidi ya mtu aliyelewa na asiye na fahamu. Kwa mwathiriwa, maumivu hayakupungua kwa sababu ya jina la kosa.

b) Ridhaa

Hiki ndicho kiini cha kesi. Mshtakiwa alisema aliruhusiwa. Miller hakukumbuka chochote, hivyo hangeweza kumkanusha kwa kumbukumbu zake. Upande wa utetezi uliutumia mwanya huo. Hata hivyo, jopo lilielewa kwamba kutokumbuka kwa mwathiriwa hakumpi mshtakiwa ruhusa. Mtu asiye na fahamu hana namna ya kukubali.

Sheria ya Kenya inalieleza jambo hili waziwazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, kifungu cha 42, mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari yake, naye akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kifungu cha 43 kinaonyesha hali ambazo mtu hana uwezo huo, zikiwemo usingizi, kupoteza fahamu na kulemewa na pombe au dawa. Kwa hivyo, anayesema "hakukataa" hajajibu swali la sheria. Swali ni kama mwenzake alikubali, na kama aliweza kukubali.

c) Mwathiriwa kugeuzwa mshtakiwa

Miller anaonyesha kwamba mahakamani aliyechunguzwa zaidi alikuwa yeye. Aliulizwa alikula nini jioni ile, alikunywa kiasi gani, alivaa nini, ana mpenzi au hana. Maswali mengi hayakuhusu aliyoyatenda mshtakiwa. Kwa upande wa pili, magazeti yalimtaja mshtakiwa pamoja na kasi yake ya kuogelea, kana kwamba medali ni ushahidi wa tabia njema.

Hapa ndipo penye kinaya kikubwa cha tawasifu. Aliyetendewa anaitwa aeleze mwenendo wake, na aliyetenda anahurumiwa kwa yale atakayoyakosa. Baba ya mshtakiwa alimwandikia jaji barua akilalamika kwamba mwanawe angelipa gharama kubwa mno kwa jambo la dakika 20. Jaji naye alitaja athari kali ambazo kifungo cha gereza kingekuwa nazo kwa kijana huyo.

d) Adhabu

Adhabu ni hatua iliyo tofauti na uamuzi wa hatia. Jopo lilikubaliana kwa kauli moja kwamba makosa yalitendeka, ilhali adhabu iliyofuata ilikuwa ya miezi. Pengo hilo ndilo lililozua hasira ya umma. Mnamo tarehe 30 Septemba 2016, gavana wa California alitia saini sheria mbili mpya. Ya kwanza ilifanya kifungo cha gereza kuwa lazima kwa anayemshambulia kingono mtu aliyelewa au asiye na fahamu. Ya pili ilipanua maana ya ubakaji. Tarehe 5 Juni 2018, wapigakura wa Kaunti ya Santa Clara walimwondoa Jaji Persky kazini kwa kura. Hakuna jaji wa California aliyekuwa ameondolewa hivyo kwa zaidi ya miaka 80.

Linganisha na Kenya. Chini ya sheria yetu ya mwaka 2006, ubakaji na shambulio la kingono la kuingiza kiungo au kitu mwilini mwa mtu hubeba kifungo kisichopungua miaka 10, na kinaweza kuongezwa hadi maisha. Ubakaji wa genge hubeba kisichopungua miaka 15. Lakini usikimbilie kusema kwamba kwetu mambo ni rahisi. Adhabu kali kwenye karatasi haina maana iwapo ushahidi umepotea au mwathiriwa ameshawishiwa kumaliza kesi nyumbani kwa mbuzi wawili na soda.

e) Haki

Je, Miller alipata haki? Sasa unaona kwamba swali hili halijibiki kwa "ndiyo" au "la" pekee. Alipata uamuzi wa hatia. Hakupata adhabu aliyoona inalingana na kosa. Alichokipata baadaye hakikutoka mikononi mwa jaji: kusikika, kuaminiwa, kuona sheria ikibadilishwa, na kulirudisha jina lake. Kitabu chake kilitunukiwa tuzo ya tawasifu ya chama cha wahakiki wa vitabu cha Marekani, National Book Critics Circle.

Tahadhari: usiandike kwamba umaarufu ulimfidia. Tawasifu inaonyesha miaka ya hofu, usingizi wa mang'amung'amu, kazi aliyoiacha na familia iliyojeruhiwa pamoja naye. Dada yake, aliyekwenda naye kwenye sherehe ile, alibeba lawama isiyokuwa yake na akalazimika kutoa ushahidi. Hoja nzuri ni hii: mahakama inaweza kuthibitisha kosa, lakini namna inavyomtendea mwathiriwa njiani ni sehemu ya haki yenyewe.

Sifa za mhusika mkuu

Jasiri: Anatoa ushahidi mbele ya aliyemshambulia na kumsomea maelezo yake ana kwa ana.
Mkweli: Hafichi kwamba alikunywa pombe kupita kiasi. Anakataa tu pombe igeuzwe ruhusa.
Mwenye shukrani: Anawaenzi wanafunzi wawili waliomwokoa. Alichora picha ya baiskeli mbili na kuitundika juu ya kitanda chake.
Mvumilivu: Kesi inaahirishwa mara kadhaa, lakini haikati tamaa.

Mbinu za uandishi

Anwani: Anwani ni ombi na pia ni amri. Inapinga jina la kupanga alilopewa mahakamani.
Nafsi ya kwanza: Msomaji analitazama tukio kwa macho ya aliyetendewa, si kwa macho ya wakili wala mwanahabari.
Mbinu rejeshi: Masimulizi hurudi utotoni na siku za chuoni, tukamjua Miller kama mtu kabla ya kumjua kama mwathiriwa.
Kinaya: Mwenye kuumizwa ndiye anayetakiwa kujitetea.
Ucheshi: Anachekesha hata penye huzuni, na hivyo kuthibitisha kwamba dhuluma haikumaliza utu wake.

Msamiati wa kuzingatia

Mwathiriwa ni aliyetendewa kosa. Manusura ni yuleyule akitazamwa kama mtu aliyepitia janga na bado anaishi. Mshtakiwa ni anayetuhumiwa. Usimwite mkosaji kabla ya kupatikana na hatia. Rufaa ni ombi la kesi kutazamwa upya na mahakama ya juu. Turner alikata rufaa, ikakataliwa mwezi Agosti 2018.

Swali la insha na jinsi ya kulijibu

"Kupatikana na hatia kwa mshtakiwa si mwisho wa safari ya mwathiriwa kutafuta haki." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea Know My Name. (alama 20)

Kwanza, tazama jibu dhaifu: "Miller hakupata haki kwa sababu jaji alikuwa mbaya na mshtakiwa alifungwa muda mfupi." Mtahiniwa huyu ametoa hukumu bila ushahidi. Sasa tazama jibu zuri: "Jopo la watu 12 lilimpata mshtakiwa na hatia katika makosa matatu. Hata hivyo, jaji alimpa kifungo cha miezi 6 ilhali kiongozi wa mashtaka aliomba miaka 6. Hii inaonyesha kwamba uamuzi wa hatia haukuleta adhabu ambayo mwathiriwa aliitarajia." Jibu la pili lina tukio, kiasi na maelezo yanayorudi kwenye swali.

Hoja unazoweza kutumia:
1. Adhabu haikulingana na uzito wa makosa yaliyothibitishwa.
2. Mshtakiwa aliachiliwa baada ya miezi 3, mwathiriwa akiwa bado anauguza majeraha ya moyo.
3. Katika kutafuta hatia, mwathiriwa alidhalilishwa kwa maswali kuhusu maisha yake ya faragha.
4. Jaji alitaja mustakabali wa mshtakiwa, jambo lililomfanya mwathiriwa ajione amesahauliwa.
5. Mshtakiwa alikata rufaa, na hivyo kesi ikaendelea kumwandama mwathiriwa hadi 2018.
6. Ilibidi mwathiriwa asome maelezo yake ili mahakama ijue athari za kosa.
7. Ilibidi umma udai mabadiliko ya sheria na kumwondoa jaji.
8. Mwathiriwa aliishi bila jina lake mbele ya umma hadi 2019, alipojitambulisha mwenyewe.

Kumbuka kuandika utangulizi mfupi unaoifafanua kauli, na hitimisho linaloonyesha msimamo wako.

Zaidi ya mtihani

Mwaka ujao huenda ukawa chuoni, katika mabweni, sherehe na vikundi vya masomo. Utakumbana na pombe, na marafiki watakaokuambia kwamba ukimya ni kukubali. Wewe msichana na wewe mvulana, mkumbuke wale vijana wawili wa baiskeli. Hawakumjua msichana yule wala hawakuuliza alivaa nini. Waliona mtu asiyejitikisa, wakasimama. Bila wao, huenda kusingekuwa na kesi.

Jambo kama hili likikupata au likimpata mwenzako, si kosa la aliyetendewa. Asioge wala kufua nguo, ingawa moyo utamtuma kufanya hivyo. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Afike hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na kujaziwa fomu ya huduma baada ya ubakaji. Apige ripoti kituoni, apewe nambari ya OB na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Hata asipokuwa na shahidi mwingine, sheria yetu ya ushahidi, kifungu cha 124, humruhusu hakimu kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee, iwapo ameridhika na kurekodi sababu za kuamini kwamba mwathiriwa anasema kweli. Na chini ya Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014, mwathiriwa wa Kenya pia ana nafasi ya kuieleza mahakama jinsi kosa lilivyomwathiri, kama Miller alivyofanya. Unaweza kupiga simu bila malipo kwa 1195, au 116 ikiwa aliyetendewa ni mtoto.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya uamuzi wa hatia na adhabu kwa kurejelea kesi hii. (alama 4)
2. "Pombe si ridhaa." Jadili ukirejelea tawasifu na sheria ya Kenya. (alama 10)
3. Fafanua umuhimu wa anwani ya tawasifu hii. (alama 4)
4. Eleza umuhimu wa mashahidi wawili katika kujenga maudhui ya uwajibikaji. (alama 4)
5. Linganisha jinsi familia zinavyoathiriwa na dhuluma ya kingono katika Chozi la Heri na katika Know My Name. (alama 20)
6. Wewe ni jaji katika kesi kama hii nchini Kenya, na mshtakiwa amepatikana na hatia. Andika uamuzi wako wa adhabu ukitoa sababu, huku ukimtaja mwathiriwa kabla ya kumtaja mshtakiwa. (alama 20)